Siku Watoto Walipoomba Vijiko

Mtoto aliyezaliwa Nambambo, kata yetu huku Nachingwea, haombi kijiko cha kulia ugali. Ataomba maji ya kunawa, ataomba mboga iongezwe, na akikosa adabu ataomba aparuziwe ukoko wa sufuria, kijiko haombi. Kwa hiyo Jumanne ile ya mwisho wa Oktoba, wasichana sita wa kidato cha nne walipojipanga mbele ya dirisha la jiko la shule na kuomba vijiko, mpishi wao, Mwamina Jumaa, alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Alicheka. Kicheko hicho hajajisamehe mpaka leo, nami sioni kwa nini alibebe jambo hili peke yake, wakati sisi wazazi zaidi ya sitini tulikuwa tumefanya baya kuliko kucheka. Tulikuwa tumepiga makofi.

Nitaeleza tulipiga makofi kwa sababu gani. Kwanza nimweleze Mwamina.

Alizaliwa Likunja, upande wa Ruangwa, katika nyumba ya wakulima wa korosho na ufuta, na akaolewa huku Nachingwea na Rashidy, mtu mpole anayezungumza na mbuzi wake zaidi ya anavyozungumza na watu. Alifika kidato cha pili. Hakufeli wala hakufukuzwa. Msimu wa korosho ulifika, mikono nyumbani ikapungua, na baba yake akamwambia akae mpaka msimu uishe, kisha atarudi darasani. Msimu uliisha. Mwamina anasema hakuna mtu aliyetamka kwamba asirudi. Ila hakuna aliyetamka kwamba arudi. Sare yake ilikatwa ikawa ya mdogo wake. Mpaka leo akisoma gazeti lililofungiwa chumvi hulinyoosha kwanza kwa kiganja, kama mtu anayefungua daftari.

Amepika katika shule yetu ya kata kwa miaka kumi na mmoja. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika uwanjani bila kupandishwa, na ana kanuni zake za jiko ambazo hata walimu hawazigusi. Kubwa kuliko zote ni ya wali. Siku ya wali, Mwamina akishaweka makaa juu ya mfuniko, hutoka nje na kufunga mlango. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajifungia nje ya jiko lake mwenyewe. Akanijibu, “Nikikaa humo nitaufunua. Nikiufunua mara tatu, wanafunzi watakula mchele. Kuna kazi inafanyika humo ndani, na mimi si sehemu yake.”

Binti yake wa pili, Tunu, alikuwa kidato cha nne mwaka huo. Sitatia chumvi: Tunu hakuwa wa kwanza darasani, alikuwa wa tatu au wa nne, lakini katika Biolojia hakuna aliyemfikia. Alikuwa anataka kwenda kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na Mwamina alikuwa analitaka jambo hilo kuliko Tunu mwenyewe. Alikuwa ameshamwambia mumewe, “Msimu huu Tunu haokoti hata korosho moja. Hata ikianguka kichwani kwake, aiache.” Rashidy alikubali. Kwa hiyo shule ilipotangaza kambi ya mtihani, wanafunzi walale shuleni kuanzia mwisho wa Septemba mpaka mtihani wa taifa katikati ya Novemba, Mwamina alikuwa mzazi wa kwanza kuandikisha. Aliona amemtoa mwanawe kwenye mikorosho.

Katika kikao cha wazazi cha kuifungua kambi, mkuu wa shule, mwalimu Eliudi, alisimama na karatasi mkononi. Mwalimu Eliudi si mtu wa huku. Ametoka mikoa ya juu, kusikoota mkorosho, na alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu kwetu. Ni mtu nadhifu, hachelewi, hapigi watoto ovyo, na kwa hayo tulimheshimu. Alisema ametoka kwenye semina, na kwamba mtaalamu mmoja huko amewaeleza walimu jambo zito: mwanafunzi anayesoma mfululizo bila kupumzika huchoka akili, na anayosoma hayakai. Akainua karatasi akasoma kwa sauti, “Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani apewe mapumziko ya mara kwa mara, na mapumziko hayo yawe yenye manufaa.”

“Yenye manufaa,” akarudia. “Siyo ya kuzurura. Siyo ya kukaa tu.”

Hapo ndipo tulipopiga makofi. Mwamina alipiga kabla ya wote, akiwa amesimama mlangoni na kanga yake ya jikoni. Tulipiga kwa sababu neno lile lilituingia vizuri. Kwetu mtoto aliyekaa tu ni mtoto mvivu. Hata mgonjwa tunamwambia ajikongoje achambue mboga. Kama mwalimu angesema “mapumziko” peke yake, nusu yetu tungenung’unika. Aliposema “yenye manufaa” tukaona huyu anatujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono na kuuliza: manufaa ya nani?

Ratiba ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Vipindi vya kujisomea asubuhi, kisha saa nne na nusu mpaka saa sita, MAPUMZIKO YENYE MANUFAA. Vipindi vya mchana, kisha saa tisa mpaka saa kumi na moja, MAPUMZIKO YENYE MANUFAA. Tulisaini chini yake.

Manufaa yale yalikuwa korosho. Shule ina shamba lake, mikorosho ya zamani iliyopandwa na wanafunzi waliotangulia, na Oktoba ndiyo huwa inaangusha. Wavulana walipelekwa kuokota na kuyatenganisha mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho. Hilo Mwamina alilijua, kwa maana njia ya shambani inapita nyuma ya jiko, na hakuliona kuwa kosa. Kuokota korosho kwetu si kazi ya kutajwa. Ni kama kufagia. Wasichana walibaki katika chumba cha maabara ambacho hakijawahi kupata vifaa. Mwamina aliambiwa wako humo “kwenye shughuli ndogo ndogo”, na akafurahi kwamba mwanawe yuko kivulini.

Walikuwa wanabangua.

Msomaji wa mbali na huku huenda asijue uzito wa neno hilo, basi nimweleze: kubangua ni kupasua ganda la korosho na kutoa punje. Ganda la korosho lina mafuta meusi, makali, ambayo yakigusa ngozi huiunguza na kuibandua kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Kila bibi wa Ruangwa na Nachingwea anajua namna ya kujikinga nayo. Korosho hukaangwa kwanza juu ya bati motoni mpaka mafuta yatoke na kuungua, na mbanguaji hujipaka majivu vidoleni kabla ya kugusa chochote. Mtoto wa miaka saba anajua majivu. Lakini mwalimu Eliudi alitaka korosho nyeupe. Zilikuwa za kufungwa ziwe zawadi za wageni kwenye mahafali, na korosho iliyokaangwa na ganda lake hutoka na madoa. Basi akaagiza zibanguliwe mbichi, kwa kisu. Wasichana walipoleta majivu siku ya kwanza, alikuja akaona vidole vya kijivu juu ya korosho zake nyeupe, akasema kwa upole kabisa, “Hapana, mabinti. Hizi zinaliwa na mgeni rasmi. Usafi kwanza.” Majivu yakamwagwa nje.

Nao wakatii. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Watoto ambao mama zao na bibi zao wamebangua maisha yao yote, wanaojua vema kuliko mwalimu wao nini kitawapata, walitii kwa sababu aliyesema ni mkuu wa shule, na kwa sababu kwenye ukuta paliandikwa kwamba wanapumzika.

Mahafali yalifana. Kila mgeni na kila mzazi alipewa kifuko cha korosho, kimefungwa utepe, na juu yake kikaratasi kilichochapwa: MATUNDA YA MAPUMZIKO YENYE MANUFAA. Mwamina alikula zake akirudi nyumbani, punje moja moja, akampa Rashidy zilizobaki. Anakumbuka alimwambia, “Tazama zilivyo nyeupe.” Wageni walizisifu mpaka wakaagiza nyingine. Kwa hiyo kubangua hakukuisha na mahafali. Kuliongezeka.

Ndiyo Jumanne ya vijiko ikafika.

“Mama, tunaomba vijiko,” alisema Hajra, binti wa Hassani muuza ufuta, aliyekuwa mbele ya mstari. Nyuma yake alikuwa Josephina, na nyuma ya Josephina, Tunu mwenyewe, akiwa ameficha mikono ndani ya mikono mirefu ya sweta, kwenye jua la Oktoba.

“Vijiko vya nini?” Mwamina aliuliza. “Leo ni ugali na mbaazi.”

“Vya kulia.”

Mwamina akaangua kicheko. “Loo! Kambi hii imeniletea wageni wa heshima! Hajra, mwanangu, kwenu Hassani ana kijiko kimoja, cha kukorogea dawa ya mbuzi. Leo wewe huwezi kumega tonge?”

“Ugali wa moto, mama.”

“Ugali wa baridi ulikula lini?”

Josephina akasema kwa haraka, “Mama mpishi, tunasoma huku tunakula. Tusichafue madaftari.” Wasichana wote wakatikisa vichwa kukubali, pamoja na Tunu. Mwamina akavutiwa. Akavitafuta vijiko sita chini ya kabati, vya walimu, akavisuuza na kuwapa, na kwa muda wa juma zima akawatania dirishani. Aliwaita waheshimiwa. Alimwuliza Tunu kama atahitaji na uma. Tunu alicheka alivyoweza. Baadaye alimwambia mama yake kwamba waliapizana wasiseme, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka uliopita aliyelalamikia kambi aliondolewa kambini, na aliyeondolewa kambini alirudishwa nyumbani, na nyumbani ni shambani. Tunu alikuwa anamwogopea mama yake kuliko alivyojiogopea. Alijua akirudi nyumbani mwezi ule, kitu fulani ndani ya Mwamina kingevunjika kwa mara ya pili.

Kila Jumamosi palikuwa na jaribio. Jumamosi ya kwanza ya Novemba lilikuwa la Biolojia. Saa nane mchana, mwalimu Dionisia, anayefundisha somo hilo, aliingia jikoni na karatasi mkononi na kuufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuna mwalimu huwa analifanya.

“Mama Tunu, kaa.”

“Sufuria iko motoni, mwalimu.”

“Iache. Tazama hii.”

Ilikuwa karatasi ya Tunu. Swali la kwanza lilijibiwa, la pili lilijibiwa, lakini mwandiko haukuwa wake. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala, kama za mtoto wa darasa la pili. Swali la tatu lilianza kwa maneno manne. Baada ya neno la nne, wino ulikuwa umeshuka kwa mstari mmoja mrefu, uliopinda taratibu, ukapita swali la nne na la tano, ukafika ukingo wa karatasi na kutoka nje.

“Mstari unaendelea kwenye meza,” mwalimu Dionisia alisema. “Alilala, mama. Kalamu ikiwa mkononi. Nikamgusa bega, akaniambia, ‘Samahani, nabangua.’”

Mwamina aliitazama karatasi. Aliinyoosha kwa kiganja kama afanyavyo.

“Nabangua?”

“Ndivyo alivyosema.”

“Anabangua nini?”

Mwalimu Dionisia alitazama upande wa maabara, na Mwamina akapata picha yote kwa mara moja: maabara, korosho nyeupe, utepe, vijiko, sweta. Hakupiga kelele. Alitoka, akavuka uwanja, akaingia bweni la wasichana, akamkuta Tunu amelala, akamvuta mikono kutoka ndani ya sweta.

Amenieleza alichokiona, nami nimekiona kwa macho yangu siku chache baadaye. Kidole gumba na vidole viwili vya mkono wa kulia, vile vile vishikavyo kalamu, vilikuwa vimebanduka mpaka kwenye nyama ya pinki. Pembezoni ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu. Mahali pengine palikuwa panatoa majimaji, na nyuzi za sweta zilikuwa zimegandia humo.

“Mama, usiseme,” Tunu alisema. “Zimebaki siku tisa tu. Usiseme.”

“Sisemi,” Mwamina akajibu. “Nakwenda kuuliza.”

Alirudi jikoni, akavichukua vile vijiko sita, akavipanga kwenye sinia, juu yake akaweka karatasi ya jaribio, akaenda ofisini. Mwalimu Dionisia alimfuata, na ndiye aliyenisimulia mazungumzo haya.

“Karibu, mama Tunu,” mkuu alisema. “Kuni zimeisha?”

“Kuni zipo, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya vijiko.”

“Vimepungua?”

“Vimeongezeka. Juma lililopita vilikuwa sita, jana nikatafuta vitatu vingine. Nikawacheka watoto wako. Nikawaita waheshimiwa. Mwalimu, wewe unajua kwa nini mtoto wa Nachingwea anakula ugali kwa kijiko?”

Mwalimu Eliudi hakujua. Naamini kweli hakujua. Alipoelezwa, aliishika karatasi ya Tunu akautazama mstari ule wa wino mpaka mwisho, uso ukambadilika. Lakini alijikusanya, kama watu wenye vyeo wanavyojikusanya, akasema, “Mama, mimi nilifuata mwongozo. Mikono ikifanya kazi, kichwa kinapumzika. Ndiyo maana ya mapumziko yenye manufaa. Na wewe ulipiga makofi.”

“Nilipiga,” Mwamina alisema. “Tena wa kwanza. Naomba niuone huo mwongozo.”

“Utausoma?”

Mwamina akajibu, “Nilifika kidato cha pili, mwalimu. Kusoma kulikuwa kumeshafundishwa.”

Mkuu akafungua jalada akatoa karatasi ile ile tuliyoipigia makofi. Mwamina akaisoma polepole, midomo ikicheza. Sentensi ilikuwa pale kama ilivyosomwa. Alipofika chini, kwenye kona, aliona mshale mdogo uliochapwa, na neno moja: Geuza.

Akageuza.

Nyuma ya karatasi palikuwa na maandishi kama ya mbele, pengine mengi zaidi. Palikuwa na kichwa cha habari: Mapumziko yenye manufaa ni yapi? Na jibu lake: ni yale yanayomrudisha mwanafunzi kwenye somo akiwa na nguvu kuliko alizoondoka nazo. Alale dakika ishirini. Atembee bila daftari. Anywe maji. Anyooshe mgongo na vidole. Acheze mchezo mwepesi. Azungumze na rafiki jambo lisilohusu mtihani. Na mstari wa mwisho, uliokolezwa wino: Kazi ya kuchosha mwili si mapumziko, hata kama ina faida.

Mwamina aliusoma mstari huo mara mbili kwa sauti. Kisha akaiweka karatasi mezani, upande wa nyuma ukiwa juu.

“Hukugeuza,” alisema.

Mwalimu Eliudi aliichukua. Aliisoma. Akairudia. “Huu upande…” alianza, akaacha. “Nilisoma mbele tu. Sikudhani…”

Hakugeuza karatasi! Mtu mwenye shahada, mwenye watoto mia mbili chini ya mkono wake, alisimama mbele yetu akatusomea nusu ya shauri, akajaza nusu nyingine kwa kichwa chake. Nasi sitini na zaidi, wenye watoto wetu, hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuishika karatasi ile. Mpishi aliyekatishwa shule ndiye aliyeigeuza. Nimejaribu kuliangalia jambo hili kwa utulivu na sijaweza. Sitaki kuliangalia kwa utulivu.

Kikao cha wazazi kiliitishwa siku iliyofuata, Jumapili, mchana. Mkuu alitaka kufuta ratiba kimya kimya. Mwamina alikataa, alisema iliyosainiwa na wote ifutwe na wote. Nilifika nikiwa na hasira ndogo ya mtu aliyetolewa shambani, kwa maana habari iliyotufikia ilikuwa moja tu: kwamba mama Tunu anataka watoto walale mchana.

Hassani muuza ufuta ndiye aliyeanza. “Mama Tunu, mwanangu akilala mchana mwezi mzima, nitamwoza kwa nani? Kwa paka?” Watu wakacheka. “Sisi tumebangua tangu utoto. Nani amekufa?”

“Hujafa, kaka Hassani,” Mwamina alijibu. “Ulibangua na majivu?”

“Majivu ndiyo. Nani anabangua bila majivu? Kichaa?”

“Haya. Kabla hatujaendelea, tusalimiane na watoto wetu. Wameketi nyuma pale. Kila mzazi ampe mwanawe mkono.”

Tulidhani ni adabu tu ya kufungua kikao. Tukainuka. Hassani alimfikia Hajra akampa mkono kama wanavyopeana wanaume sokoni, kwa nguvu, na Hajra akapiga ukelele uliokwenda mpaka barabarani. Hassani aliuachia mkono ule kana kwamba ameshika waya wa umeme. Akautazama. Akamgeuza kiganja juu, akakigeuza chini. Kisha pande zote za chumba nikasikia ukimya wa namna moja ukifuatana, safu kwa safu, kila mzazi wa binti alipoushika mkono wa mwanawe. Binti yangu Samia hakulia. Alinipa mkono wa kushoto, na hapo nilijua.

Hassani alirudi mbele. “Nilizila hizo korosho,” alisema. “Nilimpelekea na mama yangu.”

Mkuu wa shule alisimama na kuomba radhi. Aliiomba vizuri, bila kujificha nyuma ya mtu, na hilo namwandikia. Ratiba ilibanduliwa pale pale. Wazazi wawili walitaka afikishwe wilayani siku ile ile, nami nilikuwa mmoja wao. Barua niliiandika baadaye, kwa mkono wangu, na nakala ninayo. Lakini Mwamina alituzuia tusigeuze kikao kuwa kesi. “Mtihani unaanza Jumatatu ya wiki ijayo, siku nane kutoka leo,” alisema. “Kesi itatungojea. Vidole havitatungoja.”

Ratiba mpya ilikuwa ni upande wa nyuma wa ile karatasi. Mwalimu Dionisia aliandika saa, na Mwamina akaomba kupewa kengele. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa karibu na jiko, na nyundo yake. Saa nne na nusu aliigonga mara tatu, akatandika mikeka ukumbini, akaamuru wote walale chini. Siku ya kwanza hawakuweza. Walilala macho wazi, wakiwa wameficha madaftari chini ya nguo, wakinong’ona kanuni za Fizikia. Mwamina akapita akiyakusanya.

“Mama, mtihani!” wavulana walilalamika.

“Nikiwafunua hamtaiva,” alisema, akatoka nje akafunga mlango.

Siku ya tatu walilala kweli, dakika ishirini, mpaka wengine wakakoroma na wenzao wakawacheka wakiamka. Baada ya usingizi, maji. Alasiri wasichana walicheza rede, wale wenye vidole vibovu wakiwa wakwepaji tu, si warushaji. Wavulana walitembea mpaka mwisho wa uwanja na kurudi bila daftari, wakibishana mpira. Mwalimu Dionisia aliniambia kwamba kipindi cha saa sita, ambacho zamani kilikuwa kipindi cha vichwa kuanguka mezani, kiligeuka kuwa kipindi cha maswali. Tunu alijibu kwa mdomo, mwenzake akimwandikia. Muuguzi wa zahanati alikuja kila siku kuwafunga vidole, na kila siku aliondoka ameuma mdomo.

Je, siku nane zinatosha kurudisha ngozi? Kwa wengine zilitosha, kwa wengine hazikutosha. Tunu alikuwa na ngozi mpya kwenye gumba na kidole cha shahada, nyembamba, inayong’aa. Cha kati kilikuwa bado. Josephina, ambaye alibangua nyingi kuliko wote kwa kuwa alikuwa mwepesi na alisifiwa kwa wepesi huo, alijifunza kwa siku hizo nane kuandika kwa mkono wa kushoto. Nitalirudia ili lisomwe vizuri: msichana wa miaka kumi na saba, aliyesoma miaka minne, alijifunza kuandika upya juma moja kabla ya mtihani wa taifa, kwa sababu ya zawadi za wageni.

Karatasi ya Biolojia ilifika katika juma la pili la mtihani, asubuhi. Mwamina haruhusiwi kukaribia chumba cha mtihani, wala hakukikaribia. Alipika. Aliweka ugali motoni mapema mno, akautoa, akaweka mwingine. Sahani ya Tunu aliiandaa yeye mwenyewe na kuweka kijiko pembeni, bila utani.

Wanafunzi walipotoka, Tunu alikuja moja kwa moja dirishani.

“Ulilala humo?” Mwamina aliuliza.

“Sikulala, mama.”

“Maswali yote?”

“Yote. Lile la tano nimelifuta nikaliandika upya. Kidole kikauma, nikaweka kalamu chini, nikanyoosha mkono, nikahesabu mpaka ishirini kama ulivyosema. Nikaendelea.”

Mwamina akaisogeza sahani mbele. Tunu akakiangalia kijiko, akakisukuma taratibu kurudi ndani ya dirisha. Akanawa. Akamega tonge kwa vidole viwili na gumba, akakunja uso.

“Wa moto,” alisema.

“Puliza.”

Akapuliza, akala.

Nyuma yake Josephina alikuwa amefika, mkono wa kulia bado umefungwa kitambaa, sahani mkononi mwa kushoto. Mwamina alikiokota kile kijiko, akakisuuza kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, akampa.